Sensa ya Joto la Gia Boksi kwenye Pikapu ya Dizeli

Pikapu nyingi zinazopandisha mizigo kutoka Bukoba mjini, au zinazoleta kahawa na ndizi kutoka Muleba, zina geji ya joto la injini peke yake. Kwa gari la gia za mkono hiyo inatosha. Kwa otomatiki haitoshi, kwa sababu gia boksi inaweza kuungua huku mshale wa joto la injini umetulia. Joto lenyewe huzaliwa ndani ya konvata, mahali ambapo oili hupokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye gia. Mlimani, gari likiwa na mzigo na mwendo ni wa pole, konvata huteleza sana, na nguvu isiyofika kwenye matairi hugeuka joto. Oili ikishaungua huwa ya kahawia, hutoa harufu kali, na klachi za ndani huanza kuisha. Hapo ndipo unapoanza kungojea vipuri kutoka Mwanza au Kampala, gari limelala na mzigo wa watu haujafika.

Nunua geji na sensa yake kama jozi. Sensa hupunguza ukinzani wa umeme kadiri joto linavyopanda, na kila geji imepangwa kwa ukinzani wa sensa yake. Ukichanganya za kampuni mbili, mshale utasogea vizuri tu huku ukidanganya. Hakikisha pia volti: pikapu nyingi ni za volti 12, lakini baadhi ya Land Cruiser za zamani ni za 24.

Suala zito ni sensa ikae wapi. Ikiwa kwenye bomba linalotoka gia boksi kwenda kwenye rejeta ya oili, itakuonyesha joto likiruka mara tu unapoanza kupanda. Ikiwa kwenye bomba linalorudi, itasoma oili iliyokwisha kupoa, nawe utajiona salama kumbe sivyo. Kwa gari la mizigo naona sampo ndiyo mahali bora, kwa kuwa hapo unasoma joto la oili yote inayovutwa na pampu. Lakini sampo haitobolewi ikiwa imefungwa garini. Chembe za chuma zitaingia kwenye oili na kukwama kwenye vali. Ifunguliwe, ichomelewe nati ya kushikia sensa, ioshwe mpaka isibaki hata punje, kisha irudishwe na gasketi mpya. Chagua upande ambao jiwe la barabarani haliwezi kuugonga, mbali na ekzosi.

Ukiamua kutumia bomba, washa gari asubuhi likiwa baridi, weka gia kwa muda mfupi, kisha gusa mabomba yote mawili kwa uangalifu. Linaloanza kupata joto ndilo linalotoka gia boksi. Weka tii ya chuma inayolingana na bomba hilo. Mpira wa maji haufai kabisa kwa oili hii.

Kabla ya kuingia uvunguni, simamisha gari mahali tambarare, weka vigingi kwenye matairi, na ulishikilie kwa stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Oili ipoe kwanza. Ondoa waya hasi wa betri.

Sensa nyingi zina waya mmoja tu, na ethi yake hupitia thredi za sensa yenyewe. Ukizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba kwa wingi, unakata ethi hiyo na geji haitasoma sawasawa. Paka gundi ya thredi kidogo, uache thredi ya kwanza wazi ili vipande visiingie ndani. Geji nayo inahitaji umeme unaowaka pamoja na swichi, kupitia fyuzi ndogo kama mwongozo wake unavyosema, na ethi kwenye chuma kisicho na rangi. Waya upite mbali na ekzosi na propela shafti, na uvalishwe mpira unapopenya ukuta wa injini.

Ni vizuri kupima sensa kabla ya kuifunga. Izamishe ncha yake kwenye sufuria ya maji yanayochemka, mwili wake ukiwa umeunganishwa na ethi. Usitarajie 100: kwa mwinuko wa Bukoba, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi.

Ukiongeza oili, tumia aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kwa Toyota, T-IV na WS si kitu kimoja. Magari mengi ya karibuni hayana dipstiki, hivyo fuata utaratibu wa kitabu wa kupima usawa.

Oili ya sampo ikiwa kati ya nyuzi 80 na 95, endelea na safari. Ikifika 110 mlimani, shuka gia moja na upunguze mwendo. Ikifika 120 na haishuki, toka barabarani, weka P, vuta breki ya mkono, uiache injini iungurume ili oili iendelee kuzunguka kwenye rejeta yake. Usilishikilie gari kwenye mteremko kwa mafuta, tumia breki. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, rudi uvunguni na tochi uangalie kama kuna unyevu kwenye sensa na gasketi.