Petroli au Dizeli? Pikapu ya Kuvuta Tela kutoka Tambarare hadi Mlimani

Swali ninaloulizwa sana hapa Pasua siku hizi si la mbegu wala mbolea. Ni hili: "Bwana shamba, nataka pikapu ya kuvuta tela, nichukue ya petroli au ya dizeli?" Leo tulijibu kwa hesabu, maana wengi mnaingia kwenye mkopo kwa ajili ya gari hiyo, na gari isipolipa, shamba ndilo litakalolipa.

Kwanza, kazi yako ni ipi?

Biashara nyingi za vijana wa huku zinafanana. Unachukua majani ya mpunga Chekereni au mabua ya mahindi tambarare, unapandisha Kibosho, Uru au Marangu kwa wafugaji wa ng'ombe wa ndani. Kurudi unashusha ndizi, maparachichi au samadi. Moshi mjini tupo kama mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na Marangu unapita mita 1,300. Kwa hiyo kila safari ni kupanda na mzigo na kushuka na mzigo. Anayevuta tela kwenye barabara ya tambarare kwenda Same ana hesabu nyingine kabisa.

Tofauti ya injini

Kinachovuta tela mlimani ni torki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha magurudumu, na mzunguko ambao nguvu hiyo inapatikana. Angalia mifano mitatu ya Toyota ambayo mnaiona kila siku:

- Hilux ya petroli ya lita 2.7 (2TR): torki kama 240, lakini unaipata injini ikikaribia mizunguko 4,000 kwa dakika.
- Hilux ya dizeli ya lita 3.0 yenye tabo (1KD): torki kama 343, na inaanza kwenye mizunguko kama 1,400.
- Land Cruiser ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo (1HZ): torki kama 285, kwenye mizunguko kama 2,200.

Maana yake? Ukipanda na tela, ya petroli utaikimbiza gia ya pili huku inalia, na mafuta yanakwenda. Ya dizeli inapanda taratibu bila kupiga kelele. Tena lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli, kama asilimia 12 hivi, na injini ya dizeli inaitumia vizuri zaidi.

Jambo lingine ni hewa. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Tabo inasukuma hewa ndani na kufidia. Kwa hiyo neno "dizeli" peke yake halitoshi. Dizeli ya zamani isiyo na tabo ni ngumu na inavumilia, lakini mlimani inakwenda polepole. Uliza ni injini gani.

Sasa tupige hesabu

Namba hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme ukivuta tela, ya petroli inakwenda kilomita 6 kwa lita na ya dizeli kilomita 9. Safari moja, kwenda na kurudi, ni kilomita 80. Mafuta yote tuyaweke shilingi 3,000 kwa lita, ila wewe tumia bei kikomo ya EWURA inayotoka kila mwezi. Ya dizeli imekuzidi bei kwa shilingi milioni 10.

Ukienda safari 4 kwa wiki (kilomita 320):
- Petroli: lita 53.3
- Dizeli: lita 35.6
- Unaokoa lita 17.7, sawa na kama shilingi 53,000 kwa wiki. Kwa wiki 50 ni kama milioni 2.65.
- Milioni 10 zinarudi baada ya miaka karibu 4.

Ukienda safari 1 tu kwa wiki:
- Unaokoa kama shilingi 13,300 kwa wiki, au 665,000 kwa mwaka.
- Milioni 10 zinarudi baada ya miaka 15. Hapo imekula kwako.

Na bado hatujatoa matengenezo. Pampu na nozeli za dizeli ya kisasa ni ghali kuliko plagi za petroli. Maji au uchafu kwenye dizeli vinaziua haraka. Nunua mafuta kituo unachokiamini, maana uchakachuaji bado upo, acha mafuta ya madumu, mwaga maji kwenye chujio mara kwa mara na badilisha chujio kwa wakati.

Kuna anayeuliza gesi. Inapunguza gharama, lakini vituo vingi vya kujaza viko Dar es Salaam. Usifunge mtungi kisha ukabaki unatembelea petroli.

Kupanda ni hela, kushuka ni uhai

Jamani, hapa msikilize vizuri. Wengi wanaamini dizeli inashikilia gari yenyewe kwenye mteremko. Si kweli sana. Injini ya petroli ukiachia mafuta inajibana hewa na kuvuta gari nyuma. Dizeli ya kawaida haina kizuizi hicho, hivyo inaweza kushikilia kidogo kuliko unavyodhani. Kwa zote mbili, ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Ukikanyaga breki mfululizo zinapata moto, na zikipata moto hazishiki.

Mambo manne usiyaache:

1. Breki za tela. Kule Ulaya tela lenye uzito wa jumla unaozidi kilo 750 lazima liwe na breki zake. Letu la kuchomelewa mtaani likibeba tani moja na nusu bila breki, ndilo litakaloisukuma pikapu bondeni.
2. Mzigo. Panga ili kama asilimia 10 ya uzito wa tela ikae kwenye ndoano. Ukijaza nyuma, tela linayumba. Ukijaza sana mbele, magurudumu ya mbele ya gari yanakuwa mepesi na usukani haushiki.
3. Kitabu cha gari. Soma uzito inaoruhusiwa kuvuta. Injini kuweza haimaanishi chesisi na breki zinaweza.
4. Karatasi. Kabla hujanunua tela, waulize usalama barabarani na LATRA kuhusu usajili, leseni na bima.

Uamuzi

Safari tatu au zaidi kwa wiki, mzigo mzito, mlimani: chukua dizeli yenye tabo, ikaguliwe na fundi wa pampu kabla hujalipa. Safari moja moja, mzigo mwepesi, mizunguko mingi ya mjini: petroli inatosha, na hela iliyobaki funga breki za tela. Safari mbili kwa mwezi: usinunue kabisa, kodi gari. Au changeni vijana wanne mpaka gari moja ipate kazi ya wiki nzima.

Zoezi la wiki hii: chukua daftari, andika safari zako zote za miezi mitatu iliyopita, kilomita na kilo. Usiende kwa muuza magari kabla daftari halijajaa.