Upelelezi wa Jeshi na Uamuzi wa Jemadari

Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, msimamizi mwema hapeleki wachumaji shambani kabla ya kupata habari. Huuliza ni sehemu ipi iliyo tayari kuchumwa, kama mvua ya mawe imeharibu machipukizi, na kama barabara inapitika ili majani yafike kiwandani upesi. Habari hizo hazimwamulii. Lakini akizikosa, huamua kwa kubahatisha.

Jemadari wa vita naye yu katika hali hiyo hiyo, ila akikosea, hasara yake ni roho za watu. Kwa sababu hiyo majeshi huwa na idara ya upelelezi, ambayo kazi zake ni nne. Kwanza, hupokea maswali ya jemadari. Pili, hukusanya habari kutoka kwa askari wa doria, wenyeji na mateka. Tatu, huzilinganisha, kwa maana shahidi mmoja aweza kukosea au kudanganya. Nne, humpelekea jemadari jibu kwa wakati, na kumweleza lipi ni la hakika na lipi ni la kudhania tu.

Mfano mzuri ni vita vya Tanga vya Novemba 1914. Jenerali Aitken wa Uingereza alifika kwa meli na askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi. Hakupeleka wapelelezi kuichunguza nchi ipasavyo, wala hakujua hesabu ya Wajerumani. Tena tarehe 2 manowari Fox ilitangulia bandarini kuwaarifu wakuu wa mji kwamba mapatano ya kutopigana yamevunjwa; basi Wajerumani wakapata muda wa kuleta askari kwa reli.

Mkuu wao, von Lettow-Vorbeck, alikuwa na askari wapatao 1,000, wengi wao Waafrika. Usiku alipanda baisikeli, akaingia mjini mwenyewe, akaona kwamba Waingereza hawajautwaa. Kwa habari hiyo aliamua mahali pa kuwapanga watu wake. Tarehe 4 Waingereza walishindwa. Kesho yake wakarudi melini, wakiacha bunduki na risasi nyingi. Zaidi ya watu wao 800 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea.

Hapa twajifunza kwamba wingi wa askari hauwezi kujaza nafasi ya habari. Tena habari njema haina faida ikichelewa, au ikimfikia mkuu asiyetaka kuisikia. Mpelelezi hueleza mambo yalivyo. Jemadari huamua, na lawama ya uamuzi ni yake.