SOMO: Ruhusa ya mshauri ina mpaka



Tuseme mama mmoja wa Kivu ametumika miaka sita katika nyumba ya kusikiliza. Amewasikiliza wanawake waliotendewa ubaya na vijana waliotoka katika makundi ya silaha. Kisha vita inamkimbiza. Anafika ugenini na kusema: «Mimi ni mshauri.» Wanamwuliza: «Leseni yako iko wapi?» Je, wamemdharau? Tujifunze pamoja.

1. Kwa nini ruhusa inatakiwa

Mwenye jeraha la moyo humfungulia mshauri siri zake. Mshauri asiyejua kazi anaweza kumwumiza mara ya pili, au kuitoa siri nje. Kwa hiyo serikali nyingi zimeweka baraza linaloangalia masomo ya mshauri, mazoezi yake chini ya msimamizi na mtihani wake. Mshauri akikosa, mtu aliyeumizwa anajua mahali pa kushtaki.

2. Kila mahali pana sheria yake

Kenya ilitunga sheria ya washauri na wanasaikolojia mwaka 2014. Anayetaka kufanya kazi hiyo kule anajiandikisha kwenye baraza lao.

Marekani, ambako ndugu zetu wengi walihamishiwa, haina leseni moja ya ushauri kwa nchi nzima. Kila jimbo linatoa yake. Virginia ilitangulia mwaka 1976, na California ikawa ya mwisho kupitisha sheria yake, mwaka 2009. Hata jina la leseni hubadilika: Texas wanaandika LPC, Florida na New York wanaandika LMHC. Majimbo yote yanadai shahada ya uzamili, lakini mazoezi yanahesabiwa tofauti. Texas inataka saa 3,000 chini ya msimamizi, nusu yake ana kwa ana na wenye shida. Florida inataka miaka 2, pamoja na saa 1,500 za ana kwa ana.

Basi hata Mmarekani mwenyewe akihama jimbo huomba upya. Na kwa kawaida, mshauri anayesaidia kwa simu anatakiwa awe na ruhusa ya mahali alipo anayesaidiwa.

Ili kupunguza mzigo huo, majimbo yalianza mapatano ya kupokeana washauri. Georgia na Maryland zilitangulia mwaka 2021, na mwaka 2022 yalifika majimbo kumi, mapatano yakapata nguvu. Lakini yanamfaa yule tu aliye na leseni kamili katika jimbo lake la nyumbani. Mama yetu wa Kivu hayamfikii bado.

3. Ujuzi hauachwi mpakani

Mama huyo asikate tamaa. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanywa hapa kwetu mashariki mwa Kongo. Wasaidizi wa vijijini, wasio na shahada kubwa, walifundishwa na kusimamiwa vizuri. Wanawake waliotendewa ubaya waliokutana nao katika vikundi walipata nafuu kubwa kuliko wale waliosaidiwa mmoja mmoja kwa njia ya kawaida. Kwa hiyo kukosa leseni si kukosa ujuzi. Ila ujuzi hauwezi kutumika kama leseni.

4. Tufanye nini?

Wewe msaidizi: andika katika daftari tarehe za mafunzo, saa za kazi na majina ya wasimamizi wako. Usiandike majina ya wenye shida. Omba barua ya kazi leo, kabla ya kukimbia tena. Piga picha za vyeti na uzitunze kwa mtu wa pili. Ukifika ugenini, usijiite mshauri mwenye leseni. Sema kweli kazi uliyofanya. Uliza kuhusu kazi zisizodai leseni hiyo, kama kutafsiri au kuhudumia afya ya jamii, na uliza chuo kikuu masomo yako yanahesabiwaje.

Wewe kiongozi: toa barua za kazi bila kudai pesa. Mtu mpya akijiita mshauri, uliza amefundishwa wapi na nani anamsimamia.

Wewe mzazi: kabla mtoto wako hajaanza mazungumzo, uliza: Siri yetu italindwa namna gani? Nikiumizwa, nimlilie nani? Mshauri mwema hakasiriki akiulizwa hivyo.

Kwa kumalizia: kumwuliza mtu ruhusa yake si kumtukana, ni kumlinda aliyeumizwa. Na kumwandikia msaidizi barua yake ni kulinda miaka yake ya kazi isipotee njiani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

- Katika kambi yetu, nani wanasikiliza wenye majeraha ya moyo, na nani anawasimamia?
- Wasaidizi wetu wana barua gani mkononi?
- Mtu akitolewa siri yake, anaenda kushtaki wapi?