JINA LA MARIAMU

Mwanamke aliyebatizwa kwa jina la Maria, akisha kutamka shahada, mara nyingi huambiwa siku hiyo hiyo kwamba sasa achague jina la Kiislamu. Mama yake mzazi, ambaye pengine angali Mkristo, husikia habari hiyo akaona kuwa mtoto amemkana. Je, kubadili huko ni lazima? Ndugu msomaji, kabla ya kujibu yatupasa tulitazame jina lenyewe.

Kurani Tukufu haikumtaja mwanamke yeyote kwa jina lake ila huyu mmoja. Hawa hakutajwa kwa jina, wala mke wa Firauni, wala Bibi Khadija na Bibi Aisha (r.a.), ambao majina yao yamejaa katika nyumba zetu, hao twawajua kwa Hadithi na historia. Lakini jina la Maryam limo katika Kurani mara 34, na Sura nzima ya 19 inaitwa kwa jina hilo. Tena katika Sura Aali Imran (3:37, Bismillahi ikihesabiwa kuwa aya ya kwanza) twasoma kwamba mama yake ndiye aliyemwita hivyo, na papo hapo akamwombea yeye na kizazi chake kinga ya Mwenyezi Mungu dhidi ya Shetani. Basi jina hili lilitolewa pamoja na dua.

Asili yake ni ya kale sana. Kwa Kiebrania ni Miryam, na wa kwanza kujulikana kwalo ni dada yao Nabii Musa na Nabii Haruni (a.s.), ambaye Biblia ya Kiswahili humwita Miriamu. Juu ya maana yake wataalamu hawajapatana. Wako wanaolitoa katika neno la Kiebrania la uchungu au la uasi. Wako wanaosema kuwa ni la Kimisri, kwa kuwa Waisraeli walikaa Misri, na kwamba lina maana ya kupendwa. Jerome, mwanachuoni wa Kikristo aliyefariki mwaka 420, alilifasiri kuwa tone la bahari, na kwa kubadilika herufi moja ya Kilatini tone likawa nyota. Zamakhshari, mfasiri wa Kurani aliyefariki mwaka 1144, amesema kuwa katika lugha ya watu wale maana yake ni mwanamke mfanya ibada. Maana hiyo ya mwisho ndiyo inayoelekeana vema na mwenendo wa Bibi Mariamu (a.s.), ingawa kwa upande wa lugha haina nguvu kuliko nyingine.

Zama za Nabii Isa (a.s.) jina hili lilikuwa limeenea mno. Wataalamu waliokusanya majina ya wanawake wa Kiyahudi wa wakati ule kutoka katika makaburi na maandishi wameona kwamba takriban mwanamke mmoja katika kila watano aliitwa hivyo. Hata mke wa mfalme Herode, aliyeuawa kwa amri ya mumewe mwaka 29 K.K., alikuwa Mariamne, na hilo ni jina lile lile kwa umbo la Kiyunani. Msomaji wa Injili huona jambo hili mwenyewe: katika Yohana 19:25, mbali na mama yake Yesu, wamo Mariamu wa Klopa na Mariamu Magdalene.

Hapa ndipo linapoanguka shutuma moja kongwe. Husemwa kuwa Kurani imemchanganya mama wa Isa na yule Miriamu wa zamani, kwa sababu katika 19:29 anaitwa dada wa Haruni. Shutuma hii si mpya. Katika Sahih Muslim imo habari ya Mughira bin Shuʼba (r.a.), ambaye Wakristo wa Najran walimwuliza neno hilo hilo, akarudi kumwuliza Mtume Mtukufu (s.a.w.). Akajibiwa kuwa watu wale walikuwa na desturi ya kuitana kwa majina ya manabii na watu wema waliowatangulia. Jibu hili, ukilitazama vizuri, linaeleza pia sababu ya jina la Mariamu kuenea.

Sasa turudi kwenye swali letu. Ni kweli kwamba Mtume (s.a.w.) alibadili majina ya baadhi ya watu. Binti yake Umar (r.a.) aliyeitwa ʼAsiya, yaani mwasi, alimwita Jamila. (Jina la Asia la mke wa Firauni ni jingine, lenye herufi nyingine za Kiarabu, wazazi wa akina Asia wasiwe na hofu.) Na aliyeitwa Barra, yaani mwema, alimwita Zainab, ili asijitakase nafsi yake. Alibadili basi majina yenye maana mbaya au yenye kujisifu. Lakini Bibi Mariya, aliyeletwa kutoka Misri kwa Wakibti na akamzalia Mtume (s.a.w.) mwana, Ibrahim, historia ya Islamu yamkumbuka mpaka leo kwa jina hilo alilokuja nalo.

Maria, Mariamu, Maryam na Miriamu ni jina moja lililopita katika ndimi mbalimbali. Anayependa kulitamka kama linavyosomwa katika Kurani, na aseme Maryam. Anayependa kubaki na lile lililoandikwa katika cheti chake cha kuzaliwa, shahada yake haikupungukiwa na kitu.