Ushuru wa Mpunga wa Muze: Nani Hulipa, Nani Huamua

Kijiji kinapohitaji kisima, vyoo vya shule au dawa za zahanati, fedha hutoka hasa katika njia tatu: ruzuku ya Serikali Kuu, michango ya wananchi, au mapato ya ndani ya halmashauri. Mapato ya ndani ni fedha ambazo halmashauri hukusanya katika eneo lake kwa mamlaka iliyopewa na sheria. Muze iko katika bonde la Ziwa Rukwa, chini ya safu ya Lyamba lya Mfipa, ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga. Mkulima wa huko hukutana na mapato ya ndani hasa kupitia ushuru wa mazao.

Ushuru wa mazao ni sehemu ya thamani ya mazao inayotozwa yanapouzwa. Una mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni msingi, yaani kiasi kinachopigiwa hesabu, ambacho ni bei ya mazao shambani. La pili ni kiwango, yaani shilingi ngapi hutolewa katika kila mia. Mwaka 2017 Bunge lilipunguza kiwango kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara, kama ufuta, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, kama mpunga na mahindi. Mwaka huo huo mkulima anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine aliondolewa ushuru.

Tufanye hesabu kwa bei ya mfano. Mkulima anauza magunia 20 ya mpunga kwa shilingi 80,000 kila gunia. Thamani yake ni shilingi 1,600,000. Kwa kiwango cha mwaka 2017 cha asilimia 2, ushuru ni shilingi 32,000. Kwa kiwango cha zamani cha asilimia 5 ungekuwa shilingi 80,000, yaani gunia moja zima.

Anayewasilisha ushuru huu kwa halmashauri ni mnunuzi, na ndiye anayepewa stakabadhi ya mashine. Wengi huishia hapo na kusema kwamba mkulima halipi kitu. Jambo hili linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu anayekabidhi fedha na anayeubeba mzigo wanaweza kuwa watu wawili tofauti.

Mnunuzi huja Muze akijua bei atakayoipata Sumbawanga mjini au mbali zaidi. Kabla ya kutaja bei yake kijijini, hutoa kwanza gharama zote: usafiri wa kupandisha mlima hadi Ntendo, wapakiaji, magunia, faida yake, na ushuru. Kinachobaki ndicho anachomtajia mkulima. Wanunuzi wakiwa wengi na barabara ikipitika, atakayetaja bei ndogo atakosa mzigo, hivyo hulazimika kuubeba ushuru kwa kupunguza faida yake. Lakini akiwa peke yake, na mkulima anadaiwa ada ya shule au hana ghala la kuhifadhia, ushuru wote hushushwa katika bei ya gunia. Sheria ni ile ile na stakabadhi ni ile ile, lakini mbebaji amebadilika. Ndiyo maana ghala bora, chama cha ushirika chenye nguvu na barabara nzuri vinaweza kumlinda mkulima dhidi ya mzigo wa ushuru zaidi kuliko kupunguza kiwango kwa asilimia moja. Naliona hili kuwa jambo kubwa, na halizungumzwi vya kutosha.

Sasa tuje kwa anayeamua. Katika nchi nyingine wananchi hupigia kura kodi yenyewe. Katika jimbo la California nchini Marekani, tangu mwaka 1996, mji unaotaka kuongeza kodi ya mauzo lazima uwaulize wapiga kura. Tanzania haina utaratibu huo. Katiba inataka kila kodi iwe na msingi wa sheria ya Bunge, na ushuru wa mazao unatokana na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Baraza la madiwani hutunga sheria ndogo ya kuutoza, lakini haliwezi kuvuka kiwango kilichowekwa na Bunge, na sheria hiyo ndogo huhitaji idhini ya waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Mwananchi wa Muze, kwa hiyo, hana kura ya moja kwa moja juu ya kiwango cha ushuru.

Ana sauti mahali pengine, napo ni kwenye matumizi. Sehemu moja imekwisha kupangwa na sheria: asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika shilingi 32,000 za mfano wetu, hiyo ni shilingi 3,200. Zinazobaki hupangwa katika bajeti. Mapendekezo huanzia mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria na kupiga kura. Kisha hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, na mwisho baraza la madiwani.

Ugumu uko katika majira. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, wakati mavuno yanauzwa na vizuizi vya ushuru vina magari mengi. Lakini bajeti ya mwaka huo huandaliwa miezi kadhaa kabla, katikati ya masika, watu wakiwa majarubani. Mkulima anayeanza kuuliza fedha zinakwenda wapi siku gari linapopakiwa amekuta jibu limekwisha kuandikwa. Maswali ya mkutano wa masika ni haya: mwaka uliopita halmashauri ilikadiria kukusanya kiasi gani cha ushuru wa mazao, ilikusanya kiasi gani, na kiasi gani kilirudi katika kata hii? Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji wanapaswa kusoma taarifa ya mapato na matumizi ya kijiji mbele ya mkutano huo, na diwani anaweza kuombwa alete takwimu za halmashauri kwa maandishi.