Mtoto wa Jirani Anapoteswa: Sheria Inakutaka Ufanye Nini

Mitaani kwetu, anayeuliza kwa nini mtoto wa jirani analala njaa huitwa mmbeya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka aulize. Kifungu cha 95 kinampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali za mitaa anapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi, mlezi au ndugu anayemlea ana uwezo lakini hamtimizii chakula, mavazi, malazi, matibabu, shule, hata muda wa kucheza. Mama aliyekosa unga kwa sababu hajapata kibarua hahusiki hapo. Anahusika baba mwenye mshahara aliyemtelekeza mtoto wake.

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, mtendaji au ofisa ustawi wa jamii. Au piga namba ya simu ya huduma kwa mtoto, 116, bila malipo. Ofisa ustawi anaweza kumwita mhusika wazungumze, na akikaidi, suala linafika mahakamani.

Kwa mtoto aliyebakwa au kuumizwa, kikao cha ukoo si mahali pa kuanzia. Hapo ndipo kesi huzimwa kwa fidia ya mbuzi na maneno ya "tusivunje undugu". Nendeni polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, mchukue fomu ya polisi ya matibabu, PF3, mwende hospitali siku hiyohiyo. Kama hali yake ni mbaya, hospitali kwanza. Asiogeshwe kabla daktari hajamwona, na nguo alizovaa zisifuliwe.

Wazazi wengi huogopa kwamba mtoto hataaminiwa kizimbani. Zamani hakimu alilazimika kumhoji kwanza mtoto asiyezidi miaka 14 kupima kama anaelewa kiapo, na mahojiano yakikosewa, ushahidi wake uliyumba kwenye rufaa. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2016, anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Katika makosa ya kujamiiana, mahakama ikimwamini na kuandika sababu, ushahidi wake peke yake unaweza kutosha kumtia mtu hatiani.

Palipobaki pengo ni kwenye viboko. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mateso, kisha kinaacha nafasi ya adhabu "ya kiasi" kulingana na umri na hali ya mtoto. Kwa maoni yangu nafasi hiyo ifutwe, maana kila anayemvunja mtoto mkono hujitetea kwamba alikuwa anamfunza adabu.