Injili ya Barnaba Ikifika kwenye Simu Yako

Hapa Kindu nyumba nyingi zina Waislamu na Wakristo chini ya paa moja. Mjomba anaswali, shangazi yuko kwaya, na wali wa Idi hauna ubaguzi. Ndiyo maana huniuma kuona Injili ya Barnaba, kitabu kinachosema Yesu alitabiri kuja kwa Mtume Muhammad, ikiwagombanisha ndugu. Inatumwa kwa simu, pamoja na maneno kwamba kanisa liliificha tangu zama za mitume. Kufika jioni watu wa sahani moja hawasemezani. Kabla hamjafika huko, kihojini kitabu chenyewe.

Ulizeni kwanza nakala yake kongwe iko wapi, na ni ya lugha gani. Barnaba anayetajwa katika Matendo ya Mitume alikuwa Myahudi wa Kipro. Nakala kongwe ya injili hii ni ya Kiitaliano, imehifadhiwa Vienna katika Maktaba ya Taifa ya Austria, na wataalamu wanaihesabu kuwa ya karne ya 16. Ipo na ya Kihispania, iliyonakiliwa baadaye zaidi. Ya Kigiriki, lugha ya Agano Jipya, haijaonekana, hata kipande.

Kisha tazameni kama mwandishi anaijua nchi anayoisimulia. Katika sura ya 20 Yesu anapanda chombo kwenye Bahari ya Galilaya, na mabaharia wanateremka Nazareti. Nazareti iko milimani, zaidi ya kilomita 20 kutoka ziwani. Sisi watu wa mto Lualaba tunalielewa hili upesi: mtu akikwambia alipanda mtumbwi Kindu akashukia Kalima, ambako mto wetu haufiki, utajua hajawahi kufika Kalima.

Sura ya 82 inasema yubile, yaani mwaka mtakatifu, huja kila miaka 100. Torati inasema 50. Hiyo 100 ilitoka kwa Papa Bonifasi wa Nane, aliyetangaza yubile ya Roma mwaka 1300. Mwaka 1343 Papa Klementi wa Sita akairudisha kuwa 50. Mtu wa karne ya kwanza angeijua vipi hesabu hiyo?

Swali jingine ni nani alikitaja kitabu zamani. Kwa mfano, Injili ya Yuda ilipochapishwa mwaka 2006, tayari Askofu Irenei wa Lyon alikuwa ameandika kuhusu injili ya jina hilo karibu mwaka 180. Basi ni maandishi ya kale kweli, ingawa si Yuda aliyeyaandika. Kuhusu Barnaba, orodha moja ya kale ya Kilatini inataja injili yenye jina lake miongoni mwa vitabu vilivyokataliwa, bila kunukuu hata neno moja la ndani yake. Jina peke yake halitoshi. Tena usiichanganye na Waraka wa Barnaba, ambao ni wa Kigiriki na umo katika Kodeksi ya Sinai ya karne ya 4. Hivyo ni vitabu viwili tofauti.

Wakristo nao wasikimbilie kusema kila kisichomo katika Biblia ni cha uongo. Barua ya Klementi wa Roma kwa Wakorintho ni ya karibu mwaka 96. Didake, mafundisho ya ubatizo na kufunga ya Wakristo wa mwanzo, ilipatikana Konstantinopoli mwaka 1873 na wataalamu wanakubali kwamba ni ya kale. Maandishi hayo hayakuingia katika Agano Jipya, lakini si ya kughushi. Na Tobiti au Wamakabayo katika Biblia ya Wakatoliki yenye vitabu 73 ni habari nyingine kabisa: hivyo ni vya kabla ya Yesu.

Mwislamu naye hapotezi kitu akiiacha Injili ya Barnaba. Imani yake imesimama juu ya Kurani, haihitaji ushahidi wa karatasi za Kiitaliano.

Ukiletewa kitabu hicho, fungua kurasa za mwanzo. Lonsdale na Laura Ragg walikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1907, wakaweka utangulizi mrefu unaoeleza kwa nini ni kazi ya miaka mingi sana baada ya mitume. Matoleo kadhaa ya baadaye yalichukua tafsiri yao, yakauacha utangulizi. Kama kurasa hizo hazimo, muulize aliyekuletea zilikwenda wapi.